Usiku wa Alhamisi ni upi? Tiketi ya Muscat iliyosomwa Miteja

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara, Miteja unaweza kuipita ukiwa umesinzia. Umeshavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, umeshaiacha Somanga, na abiria wanaoshuka Nangurukuru wameanza kutafuta viatu chini ya viti. Hapo katikati kuna mikorosho, minazi, nyumba zinazotazama lami na vijana wa bodaboda waliokaa kivulini. Ukifumbua macho, basi limeshapita.

Wanaoishi pale wao hawaipiti. Kwao lami hiyo ni kama saa ya ukutani. Mabasi yanayotoka kusini kwenda Dar yana wakati wake, yanayotoka Dar kwenda kusini yana wakati wake, na katikati kuna adhana tano. Mtu akikuambia "njoo baada ya Alasiri, kabla ya mabasi ya jioni", hahitaji kukutajia dakika. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara upande wa Somanga, saa hiyo ilisimama. Magari yalikwama pande zote mbili, na wenyeji wanasema ukimya wa zile siku waliusikia hadi vyumbani.

Mwezi uliopita nilikuwa Kilwa kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya. Nilikuwa nafuatilia wazee wenye shinikizo la damu, jinsi wanavyopata dawa zao vijijini. Kulala nililala Miteja kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye mwenyewe ana presha kwa mwaka wa saba sasa. Ilikuwa siku chache baada ya Idd el-Hajj, ufuta umeanza kuuzwa, na nyumba nzima ilikuwa na habari moja tu: mama mkubwa anapanda ndege.

Binti yake anaishi Muscat na mumewe, kijana wa Kilwa aliyekwenda kule kuendesha magari. Dada alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na huyu naye madaktari walishapanga kumtoa kwa upasuaji Jumapili, tarehe 15 Juni. Jumapili kule ni siku ya kazi, mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. Mara ya kwanza dada alijifungua bila mama karibu, akaugulia kidonda huku ananyonyesha na hakuna wa kumkorogea uji wa pilipili manga. Safari hii shemeji aliapa mama atakuwepo. Akakata tiketi wiki tatu kabla, akaituma kwa simu, na kaka yangu wa hapo nyumbani akamhakikishia mama mkubwa kuwa ni Alhamisi.

Jumanne jioni, tarehe 10, tumeketi barazani baada ya Magharibi. Alikuwepo pia Maalim wa madrasa, jirani, mzee anayesoma Kiarabu kwa ufasaha lakini maandishi ya simu humsumbua macho. Mama mkubwa akanipa simu akasema, "Hebu isome hiyo tiketi tusikie, wewe si umesoma chuo."

Nikasoma. Dar es Salaam kwenda Muscat, tarehe 12 Juni, 00:40.

"Ndiyo hiyo Alhamisi," kaka akasema. "Tunatoka hapa Alhamisi asubuhi, jioni tuko Dar, usiku anaondoka."

Maalim akauliza, "Tarehe 12 ni Alhamisi, na ndege ni ya usiku?"

"Ndiyo, Maalim."

"Basi ni usiku wa Alhamisi. Kesho usiku. Mbona hamjafunga mizigo?"

Watoto walicheka. Kaka naye alicheka, lakini kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwa vidole, na kila nikihesabu nafika kwa Maalim. Saa 00:40 ni saa sita na dakika 40 usiku. Kwa kalenda ya mashirika ya ndege, tarehe 12 huanza ikigonga saa sita kamili usiku wa Jumatano. Dakika 40 baadaye ndege inaondoka. Alhamisi asubuhi, sisi tunapanda basi Miteja, ndege ingekuwa Muscat na abiria wake wameshashuka.

Kilichonishangaza ni nani aliyekuwa sahihi. Wazee wa pwani huanza siku jua linapozama, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni, ndiyo maana ukimwambia mtu wa Kilwa "njoo kwenye maulidi usiku wa Ijumaa" hatakuja Ijumaa baada ya Isha. Sisi tuliopitia shule tumejizoesha kuubandika usiku nyuma ya mchana wake: Alhamisi mchana, halafu Alhamisi usiku. Tiketi ya ndege iko karibu zaidi na Maalim kuliko na sisi. Mtu pekee barazani ambaye asingeweza kuisoma ndiye aliyeielewa.

Shemeji alipopigiwa simu alinyamaza kwa muda, kisha akasema maneno ambayo nadhani wengi wamewahi kuyasema: "Lakini mimi niliweka Alhamisi makusudi." Makusudi, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya kliniki ya mama mkubwa. Alitaka mama apimwe Jumatano, achukue dawa za kutosha miezi miwili, apumzike, Alhamisi asafiri. Mpango ulikuwa mzuri. Tarehe aliyopaswa kubonyeza ni 13.

Tukapiga simu ya huduma kwa wateja ya shirika lenyewe. Sitalitaja, maana mengi yaliyotupata ungeyapata kwenye mashirika mengine pia. Muziki wa kusubiri ulimaliza karibu robo saa ya salio la kaka. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Akaomba ile namba ya tiketi yenye herufi na tarakimu sita, tukamtajia, akasema anaiona.

"Bado haijaruka, hiyo ni bahati yenu," akasema. "Ila tiketi imetolewa na wakala. Mabadiliko yafanywe na wakala."

Hapo ndipo wengi hukwama. Shemeji hakununua kwa shirika, alinunua kwenye programu ya wakala wa mtandaoni kwa sababu ilikuwa nafuu kwa riyali chache. Ukinunua hivyo, fedha zako na tiketi yako vina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni wa wakala. Shirika linaiona tiketi lakini mara nyingi haliigusi. Kwa hiyo mtu wa Miteja alikuwa anamsubiri mtu wa Muscat, naye anasubiri kujibiwa na wakala ambaye hata hatujui amekaa nchi gani.

Kabla simu haijakatika nilimuuliza yule kijana maswali mawili. La kwanza, itakuwaje mama asipotokea usiku huo? Akajibu kuwa atahesabiwa hakutokea, na tiketi ya kurudi nayo itafutwa. Hili watu wengi hawalijui. Mtu hukosa ndege ya kwenda, akanunua nyingine ya kwenda tu, akidhani ya kurudi inamngoja. Siku ya kurudi anafika uwanjani, jina halipo. Kama huwezi kusafiri, toa taarifa kabla ndege haijaondoka, hata kama ni saa mbili kabla. Baada ya hapo, kwa tiketi nyingi za bei nafuu, unachoweza kudai ni kodi na tozo za uwanja, na hizo nazo hazirudi mpaka uziombe.

Swali la pili nililiuliza kwa hasira kidogo. Kwa nini tiketi inayouzwa kwa Waswahili isiandikwe "usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi"? Akasema mfumo hauruhusu. Sikuridhika, na sijaridhika hadi leo. Kila siku redio zinatangaza ajali iliyotokea "usiku wa kuamkia leo", na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa. Lugha yetu ilishalimaliza tatizo hili zamani. Kinachotakiwa ni ujumbe mmoja wa simu kwa abiria, kwa lugha anayoielewa, siku mbili kabla. Mashirika hayo hayo hututumia jumbe za matangazo usiku na mchana, na zinafika.

Wakala alijibu baada ya saa moja na nusu. Kuhamishia tarehe 13, riyali 88: faini ya kubadili tarehe 30, ada ya wakala 5, na tofauti ya nauli 53. Kwa hesabu ya siku hiyo ilikuwa karibu shilingi laki sita. Shemeji alisema faini ameielewa, lakini hiyo 53 inatoka wapi wakati ndege ni ile ile na kiti ni kile kile? Inatoka hapa: viti vya nyuma vya ndege moja huuzwa kwa bei nyingi tofauti, kila bei na idadi yake ya viti na masharti yake. Viti vya bei aliyonunua wiki tatu nyuma vilikuwa vimekwisha kwenye ndege ya tarehe 13. Vilivyobaki ni vya bei ya juu, na anayebadilisha hulipa pengo. Ndiyo maana ukisikia "faini ni ndogo tu" usifurahi mapema. Uliza jumla, na uliza kila kipande peke yake.

Rafiki mmoja wa shemeji akatuma ujumbe kwamba kuna sheria ya saa 24, unaweza kufuta tiketi bure. Sheria hiyo ipo, lakini ni ya Marekani. Inahusu safari zinazogusa Marekani, tiketi iliyonunuliwa kwa shirika lenyewe angalau siku saba kabla ya safari, na saa zinahesabiwa tangu uliponunua. Yetu ilikuwa na wiki tatu na inakwenda Muscat. Hapa kwetu kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo, ambako abiria anaweza kupeleka lalamiko asiporidhika na majibu ya shirika. Lakini lalamiko la kuandika siku ya Jumanne usiku halimbebi mama hadi Muscat Jumatano.

Nilipokuwa nawasikiliza wakibishana kwa simu niliwaza jinsi safari hii ilivyo ya kale hapa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi kabla na baada yake. Aliyechelewa upepo alikaa miezi mpaka upepo ugeuke. Hapakuwa na wa kumlipa faini, na hapakuwa na wa kumlaumu pia. Wengi waliochelewa walioa.

Laki sita kwa mama mkubwa ni sehemu kubwa ya ufuta wa mwaka huu. Shemeji alisema atakopa. Kaka alisema tuuze gunia mbili kwa bei yoyote. Mimi nilikuwa na mawazo yangu ya kazini: mtu wa presha asisafiri bila dawa kwa sababu ya kuwahi ndege. Nimeandika habari za watu walioacha vidonge wiki moja tu wakaishia wodini. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na sauti zilianza kupanda.

Mama mkubwa alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, "Mnanigawa kama mzigo. Kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Nitakuwa pale saa kumi na mbili. Nikitoka hapo napanda basi Nangurukuru. Hiyo riyali themanini na nane amnunulie mwanangu nyama."

Usiku ule hakuna aliyelala sana. Pilipili manga ilitwangwa saa tano usiku, na majirani walioamshwa na mchi walikuja kuuliza kuna msiba gani, wakabaki kusaidia. Mimi nilipewa kazi ya begi la mkononi, na humo ndimo nilipokuta pakiti ya tramadol. Alizinunua dukani kwa ajili ya magoti. Hapo msomaji naomba nisimame kidogo. Nchi za Ghuba zina ukali mkubwa juu ya dawa kali za maumivu, tramadol na kodeini zikiwa miongoni mwake, na kuingia nazo bila karatasi za daktari kunaweza kumpeleka mtu kituo cha polisi badala ya wodi ya wazazi. Kama unamsafirisha mzee, fungua begi lake mwenyewe, kwa heshima, uone kila kidonge. Mama mkubwa alilalamika magoti yatamuuma. Nikamwambia yataumia nyumbani kwa binti yake, si mahabusu. Akaziacha.

Kliniki tulifika kabla hata mlinzi hajafagia. Muuguzi aliyefungua alimsikiliza, akawaomba wazee waliotutangulia kwenye foleni ruhusa, na hakuna aliyekataa. Mmoja alisema tu amsalimie Muscat. Presha ilikuwa 160 kwa 100, na muuguzi akamkalisha, akamwambia anyamaze dakika tano, akapima tena: 148 kwa 92. Hakuna wa kushangaa baada ya usiku kama ule. Tabibu alimpa dawa za miezi miwili na barua yenye jina la ugonjwa na jina la kila dawa, ikiwa na mhuri. Akamwagiza mambo ambayo nayaandika kila mara lakini siku hiyo niliyasikia upya: dawa zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege; zibaki kwenye pakiti zake; ndani ya ndege anyanyuke atembee; na kidonge cha asubuhi anywe asubuhi, hata kama hajui yuko juu ya nchi gani.

Nangurukuru tulisimama saa moja na nusu. Basi la kwanza lilikuwa limejaa, la pili lina nafasi moja, na mama mkubwa akataka kuipanda peke yake. Tukamzuia. La tatu lilituchukua saa sita na robo mchana. Tulipopita Miteja kondakta alikubali kupunguza mwendo, na Maalim alikuwa amesimama kando ya lami na kanzu yake, ameinua mikono anaomba dua. Mama mkubwa alilia kidogo, kisha akalala mpaka Ikwiriri.

Mbagala Rangi Tatu tuliingia jua likizama. Kwa Maalim, hapo ndipo Alhamisi ilipoanza. Saa tatu na nusu usiku tulikuwa Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, na dawati la safari lilikuwa halijafunguliwa. Dada wa dawatini alipoangalia tiketi alimwambia, "Mama umewahi, wengi ndege hii huwa wanakuja kesho yake." Alilisema kama mzaha. Nilimuuliza ni mara nyingi? Akasema, "Mara nyingi, dada. Hasa hizi za baada ya saa sita." Kwa hiyo wanajua.

Mjukuu alizaliwa Jumapili kama ilivyopangwa, wa kike, kilo tatu na kidogo. Dada anaendelea vizuri, kidonda kimekauka, na uji umekorogwa kila asubuhi. Presha ya mama mkubwa inapimwa na shemeji kwa mashine aliyonunua kwa zile riyali, na namba ananitumia mimi kila Ijumaa.

Tiketi ya kurudi ni tarehe 10 Agosti, saa 01:15 kwa saa za kule. Wiki iliyopita kaka alimwomba mama mkubwa athibitishe siku, ili amtafutie gari la kumpokea. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake mtoto analia: "Naondoka usiku wa Jumapili. Ni lini, kamuulizeni Maalim."